Mambo Sita Juu ya Wapiga Muziki

Mhariri wa gazeti letu amenitaka niandike habari ya kuchekesha. Asema kwamba toleo la muhula uliopita lilijaa makala juu ya usafi wa mabweni na faida za kuamka mapema, na wasomaji wengi wakaona linafaa zaidi kufunikia madaftari. Nami ninayo habari moja ya kuchekesha, lakini nusu yake haichekeshi, na nimejaribu mara tatu kuitenga nusu hiyo na mwenzake, nikashindwa. Basi nitaieleza yote kama ilivyokuwa.

Ilianza nilipokuwa Kidato cha Pili, na chanzo chake ni mjomba wangu.

Sisi ni watu wa Kinyala, katika wilaya ya Rungwe. Asiyepajua kwetu na ajue kwanza kwamba ni mahali pa mvua. Tukuyu, mji wetu, hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na mgeni akija na viatu vya turubai huondoka navyo mkononi. Mvua hiyo ndiyo itupayo ndizi, chai, viazi na maparachichi. Tena ndiyo itupayo hadithi. Maana mtu mzima afanye nini jioni, mvua inapiga bati tangu saa tisa, mbalaga zinachemka jikoni, na watoto sita wamekaa kumzunguka wakimtazama mdomo? Husimulia. Na nchi yenyewe humsaidia. Tuna Daraja la Mungu, mwamba uliojitandika juu ya mto Kiwira bila mkono wa fundi. Tuna ziwa Masoko, ambalo watu husema kwamba Wajerumani walitupa fedha zao humo wakati wa vita. Na kila mtoto wa Rungwe amekwisha kuzitumia fedha hizo kichwani mwake. Katika nchi ya namna hiyo mtu akisema, "Nilijifunza gitaa kwa kujifunza," nani atabaki kumsikiliza?

Mjomba ndiye mpiga gitaa wa upande wetu. Siku za Jumapili huliacha gitaa ukutani akashika tarumbeta, kwa kuwa yumo katika kundi la tarumbeta la kanisa. Wasomaji wa mbali huenda wakashangaa, basi nieleze. Wamisionari wa Moravian walifika Rungwe mwaka 1891, na kanisa lao tangu huko Ujerumani lina desturi ya kupiga tarumbeta mahali ambapo wengine hupiga kengele au hunyamaza: alfajiri ya Pasaka makaburini, na katika mazishi. Desturi hiyo ilishika mizizi kwetu. Mtu akifa hupelekwa kaburini kwa sauti ya shaba. Mjomba hupiga sauti ya tatu, ile ya katikati, ambayo hakuna aisikiaye.

Tena mguu wake wa kushoto hauna kidole kidogo. Kidole hicho kilikatwa na jembe alipokuwa mtoto. Habari hii ni ya hakika, kwa maana aliyeshika jembe ni mama yangu.

Lakini sisi watoto tulipomwuliza mjomba nani aliyemfundisha gitaa, hakutaja mtu. Alikohoa, akasogeza kigoda karibu na moto, akatuambia kwamba alifundishwa na mwanamke aliyetoka katika mto Kiwira usiku wa manane, nywele zake ndefu kama majani ya mgomba, akiwa amebeba gitaa lisilolowa. Alimfundisha usiku saba. Usiku wa kwanza alimfundisha kukaza nyaya. Usiku wa pili alimfundisha kuzilegeza, kwa kuwa alikuwa amezikaza mno. Usiku wa tatu mvua ilikuwa kubwa, hakuna aliyekuja, si mwanamke wala mjomba.

"Na ulimlipa nini, Mjomba?"

Hapo mjomba hakusema neno. Alivua kiatu polepole, akaunyosha mguu wa kushoto kwenye mwanga wa moto. Tulipiga kelele mpaka mbwa wakabweka. Mama alikuwa jikoni, alisikia yote, wala hakusema juu ya jembe. Nadhani hadithi ile ilimfaa yeye kuliko mtu mwingine yeyote.

Nikaenda shuleni na hadithi hiyo kama mtu aendaye na karanga mfukoni.

Katika shule yetu palikuwa na gazeti la ukutani, na kila kidato kilipewa zamu ya kulijaza. Zamu yetu ilipofika nilibandika karatasi yenye kichwa hiki ambacho nimekiandika juu ya makala hii. Niliandika mambo sita, nikawataka wenzangu waweke alama kila jambo kama ni kweli au ni uongo, na atakayepata yote apewe pakiti ya biskuti. Biskuti zile nilizila mwenyewe, kama utakavyoona.

Jambo la kwanza: kwamba huko Dar es Salaam kiwanda cha nguo kilikuwa na bendi yake ya dansi. La pili: kwamba shirika la bima nalo lilikuwa na bendi. La tatu: kwamba bendi ya Morogoro ilikwenda kupiga muziki Japani mwaka 1970. La nne: kwamba kamusi kubwa ya muziki iliyochapishwa London ilieleza maisha ya mtunzi ambaye hakuzaliwa. La tano: kwamba mpiga zumari mmoja wa Lamu alipuliza sauti moja bila kupumua kwa saa nne, kwa sababu mwenye arusi alikuwa hajamlipa na yeye hakutaka kuonekana amemaliza kazi. La sita: habari za mjomba, bila kumtaja jina, ila nilisema "mpiga gitaa wa Kinyala".

Karibu darasa zima waliweka alama ya uongo kwenye manne ya kwanza. Nayo manne yale ndiyo yaliyokuwa kweli.

Nitayaeleza kidogo, kwa sababu hata leo wapo wasioamini. Miaka ile baada ya Uhuru na Azimio la Arusha, bendi nyingi za nchi yetu hazikuwa mali ya wapigaji. Ziliwekwa na vyama, majeshi na mashirika ya umma, na mpiga gitaa alipata mshahara kama karani. NUTA Jazz iliundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Polisi walikuwa na Polisi Jazz. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kilikuwa na Urafiki Jazz, na ukicheza vizuri huku suruali imechanika ulijua mahali pa kupata kitambaa. Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978, ililelewa kwanza na kampuni ya teksi, kisha mwaka 1983 ikaingia chini ya shirika la maendeleo la Dar es Salaam, yaani DDC. Na Bima Lee ilikuwa ya Shirika la Bima la Taifa. Mwenzangu mmoja alisimama darasani akapiga meza: "Bima ipige gitaa? Wanakatia nini bima, kiuno?" Ndipo mwalimu wa Uraia, mtu mzima mpole ambaye hatukupata kumwona akicheka, akasema kwa sauti ndogo kwamba Bima Lee aliwaona kwa macho yake alipokuwa kijana. Akatazama mlangoni, akaturuka hatua mbili za dansi lao, chaki mkononi. Kisha akaendelea na somo la mihimili ya dola. Hata hivyo wengi hawakubadili alama zao. Walisema mwalimu amepanga nami.

Juu ya Japani walicheka zaidi. Lakini ni kweli kwamba Morogoro Jazz, pamoja na Mbaraka Mwinshehe, walikwenda kwenye maonyesho makubwa ya dunia ya Expo 70 mjini Osaka. Mbaraka alizaliwa mwaka 1944, akafa kwa ajali ya gari huko Mombasa, Januari 1979, kabla hajatimiza miaka 35. Katika muda huo mfupi aliunda bendi ya Super Volcano, na akapiga gitaa kwa namna ambayo wazee wa kwetu wakimtaja hunyamaza kidogo kwanza. Mtu wa namna hiyo hahitaji kuongezewa kitu. Nilimwandika kwa ukweli mtupu, na hawakuamini.

Na ile kamusi, ndiyo inayonipendeza kuliko yote. Mwaka 1980 ilitoka London kamusi ya muziki iitwayo New Grove, vitabu 20, kazi ya wataalamu wa dunia nzima. Ndani yake palikuwa na habari za Dag Henrik Esrum-Hellerup wa Denmark, mpiga filimbi na mtunzi, mwaka wa kuzaliwa na mwaka wa kufa. Mtu huyo hakuwako. Mwandishi mmoja alimbuni kwa mzaha, jina akaliunda kwa majina ya mahali pawili huko Denmark, akampenyeza kati ya wenzake wa kweli. Walipogundua, wakamfuta katika toleo la baadaye. Fikiria, msomaji: mtu aliyekufa mara mbili bila kuzaliwa hata mara moja. Kabla yake kulikuwa na bwana mwingine, Fritz Kreisler, mpiga fidla hodari sana. Kwa miaka mingi alipiga vipande alivyosema ni vya watunzi wa kale, na wakosoaji wakavisifu. Mwaka 1935 akakiri kwamba amevitunga mwenyewe. Wakosoaji wengine walikasirika, nadhani kwa sababu waliwahi kusema kwamba siku hizi hakuna awezaye kutunga hivyo.

Nilipokuwa nikibandika karatasi yangu nilijiona nimeingia katika jamaa ya mabwana hao.

Sasa jambo la sita. Karibu wote waliandika "kweli". Hata wale waliotoka Mwanza na Tanga, ambao hawakupata kuuona mto Kiwira, waliandika "kweli". Mmoja alipiga mstari chini yake mara mbili.

Lakini yanipasa niseme wazi jambo nililolifanya. Hadithi ya mjomba iliishia kwenye kidole, na ilipokuwa karatasini niliona imefupika, haina mkia. Mdomoni mwa mjomba palikuwa na moto, mvua na kile kiatu kikivuliwa. Karatasini palikuwa na wino tu. Basi nikauongeza mkia. Niliandika hivi: "Kidole kilikuwa ni arbuni tu. Deni lenyewe hulipwa kila mwaka." Niliirudia sentensi hiyo mara kadhaa nikijisifu. Sikufikiri hata kidogo deni hilo lingelipwa kwa kitu gani. Niliona tu kwamba neno "arbuni" limekaa vizuri.

Shule ilifungwa mwezi wa Juni. Nilipanda gari kutoka Tukuyu pamoja na magunia ya unga na mama mmoja aliyekuwa amempakata kuku. Barabara ilikuwa tope, tukaenda polepole, na mama yule akaanza kunisimulia. Aliniuliza kama nimesikia habari za mpiga gitaa wa Kinyala. Nilifurahi, msomaji, nakiri. Nilisema sijasikia, ili anisimulie. Akanisimulia mwanamke wa mtoni, usiku saba, kidole. Kisha akanisogelea akasema, "Tena kidole kilikuwa arbuni tu, mwanangu. Deni hulipwa kila mwaka."

Neno lile lilinirudia kama mtu aitwaye jina lake sokoni. Uongo wangu ulikuwa umefika nyumbani kabla yangu, wala haukulipa nauli.

"Analipa nini?" nikamwuliza.

"Watu," akasema, akamfunika kuku wake mvua isimpate. "Mwaka huu amelipa mtoto wa jirani yake."

Mtoto yule nilimjua. Alikuwa darasa la pili, mwenye kikohozi tangu zamani. Alikufa mwezi wa Mei kwa homa ya mapafu. Wazazi walimpeleka hospitali, wakaambiwa ugonjwa ni huo, wakaonyeshwa na picha. Hapakuwa na siri yoyote katika kifo kile. Lakini mtoto akifa watu hutafuta mahali pa kuweka uzito, na mahali hapo mimi nilikuwa nimekwisha kupaandaa, pamefagiwa na kuandikwa mwandiko mzuri.

Yaliyotokea siku ya mazishi nilielezwa na mama. Kundi la tarumbeta lilikusanyika, mjomba naye akaja na tarumbeta yake chini ya koti. Mzee mmoja alimfuata, akamshika mkono kwa heshima, akamwambia, "Ndaga. Leo pumzika." Hapakuwa na ugomvi. Kwetu hakuna haja ya ugomvi. Mtu akiambiwa apumzike, amekwisha kuelewa. Mjomba alirudi nyuma akasimama chini ya mgomba, mvua ikimnyea, mpaka maziko yakaisha. Wenzake walipiga bila yeye. Mama alisema kwamba wimbo ulikuwa na tundu katikati, na kila mtu alilisikia tundu lile, hata wale ambao miaka yote hawakupata kuisikia sauti ya tatu.

Nilikaa nyumbani siku mbili bila kusema. Siku ya tatu nikaenda kwa mjomba. Nilimkuta barazani anasugua tarumbeta kwa kitambaa, ingawa haikuwa na kazi. Nilimwambia yote: gazeti la ukutani, mambo sita, biskuti, arbuni. Alisugua mpaka nikamaliza.

"Uliandika arbuni?"

"Ndiyo, Mjomba."

"Neno zuri," akasema. "Mimi sikulifikiria."

Nilitamani anipige. Hakunipiga. Akanyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Mwanamke wa mtoni ni wangu. Deni ni lako. Twende tukayarudishe yote mawili."

Tukaenda kwa baba wa marehemu jioni ile. Nilichukua daftari langu lenye mwandiko wa kwanza wa mambo yale sita. Wazee wawili walikuwapo, nao wakakaa kusikiliza. Nilitaka kusoma la sita peke yake niondoke, lakini baba wa marehemu akasema, "Soma yote." Basi nikayasoma yote, kiwanda na bima na Osaka na kamusi na zumari, katika nyumba yenye msiba, sauti ikinitetemeka. Sijapata kusoma kitu kigumu kama utani ule. Nilipofika kwenye deni la kila mwaka nilisema, "Hili nimelitunga mimi. Hakuna aliyeniambia." Mjomba akasema, "Na la mtoni nimelitunga mimi. Kidole kilikatwa na jembe. Dada yangu yuko, mwulizeni."

Baba wa marehemu aliinamisha kichwa. Baada ya kitambo akaniuliza, "Hilo la bima ni kweli?"

"Ni kweli, baba."

"Ndilo lifananalo na uongo," akasema. Akatuletea chai kwa mkono wake mwenyewe. Mama wa marehemu hakutoka jikoni.

Mzee mmoja wapo alitusindikiza mpaka njiani, na huko akanitolea methali: lisemwalo lipo, na kama halipo, laja. Ni methali ya siku nyingi na watu huipenda. Mimi siipendi tena. Naona ni namna ya kumfungulia mlango mtu aliyekwisha kukosa ushahidi.

Tangu wakati huo nimekuwa nikisoma sana juu ya wapiga muziki na mambo waliyozuliwa. Wapo ambao uvumi uliwapita bila kuwadhuru. Bi Kidude wa Unguja hakuujua mwaka wake wa kuzaliwa. Alisema tu kwamba alizaliwa zamani za rupia. Basi kila aliyeandika habari zake aliongeza miaka kidogo, huyu tisini, yule mia, mwingine mia na kumi na zaidi, na yeye akaendelea kuvuta sigara na kuimba mpaka alipofariki Aprili 2013. Siti binti Saad aliyemtangulia alibezwa kwa ukoo wake na kwa kazi yake ya kuuza vyungu, na alibezwa kwa nyimbo. Lakini yeye alijua kujibu kwa wimbo, na mwaka 1928 akaenda Bombay kurekodi santuri zilizosikika pwani nzima. Mtu akiwa na jibu la namna hiyo, mwache azuliwe.

Wengine hawakuwa na bahati. Huko Marekani palikuwa na kijana Robert Johnson, mpiga gitaa, aliyekufa mwaka 1938 akiwa na miaka 27. Hata leo watu husimulia kwamba aliuza roho yake kwa shetani kwenye njia panda usiku, akapewa vidole. Jamaa za mwalimu wake, Ike Zimmerman, wameeleza habari nyingine: kwamba Johnson alikaa nyumbani kwao, na wawili hao walikwenda kufanya mazoezi makaburini usiku, mahali ambapo hawangemsumbua mtu. Kazi yote ile ya mikono, miezi na miezi, sifa zake kapewa shetani ambaye hakukaza waya hata mmoja.

Na Niccolò Paganini wa Italia, mpiga fidla ambaye watu walisema vilevile juu yake, ilimlazimu kutoa barua ya mama yake ichapishwe, ili ulimwengu ujue kwamba alizaliwa na watu. Alikufa mjini Nice mwaka 1840 bila kupokea sakramenti za mwisho, na kwa kuwa uvumi ule ulikuwa umemtangulia, askofu alikataa asizikwe katika ardhi ya kanisa. Mwili wake ulihamishwa huku na huku, mpaka mwaka 1876 ukapata kaburi huko Parma. Miaka 36, msomaji. Niliposoma hayo nilimwona mjomba chini ya mgomba.

Naona jambo moja ambalo hatujiulizi. Mtu wa kwetu akivuna viazi vingi, jirani humwuliza ametumia mbolea gani. Akijenga nyumba nzuri, huulizwa fundi wake ni nani. Akipiga gitaa vizuri, huulizwa amempa nani nini. Pengine ni kwa sababu mbolea tunaiona gunia lake, na mazoezi ya mpiga gitaa hatuyaoni. Alikuwa akiyafanya wakati sisi tumelala. Pengine pia ni kwa sababu muziki wake hutufanya tulie au tucheke bila kutuomba ruhusa, nasi hatupendi kuwa chini ya mkono wa mtu ambaye jana tulimwona akichimba viazi.

Mjomba alirudishwa katika kundi la tarumbeta Krismasi ya mwaka uleule. Nilikuwapo. Nilisikiliza sauti ya tatu tu. Lakini kuna nyumba ng'ambo ya bonde ambazo hazimwiti tena arusini, na mama wa marehemu akimwona anakuja hupita njia ya juu. Simlaumu. Mjomba naye hamlaumu. Akimwona kwa mbali hupita ya chini kwanza, ili yule mama asihangaike kupanda.

Likizo iliyopita mvua ilitukalisha ndani kama kawaida. Watoto wadogo wa ukoo walimzunguka mjomba, mmoja akamwuliza nani aliyemfundisha gitaa. Nilinyamaza kabisa. Mjomba alinitazama, akasogeza kigoda.

Akawaambia kwamba gitaa lake la kwanza alilitengeneza mwenyewe kwa galoni la mafuta, na nyaya zake zilikuwa nyaya za breki za baiskeli, na mwenye baiskeli alimtafuta wiki nzima. Akawaambia kwamba jirani alikuwa na redio, na jioni Radio Tanzania ilipopiga muziki wa dansi yeye alikaa nje chini ya dirisha, akishika kipande kimoja kichwani, akikimbia nacho mpaka nyumbani kabla hakijamwagika. Akawaambia kwamba vidole vilitoka damu, vikapona, vikatoka tena, na kwamba ilimchukua miaka sita kuweza kupiga wimbo mmoja mbele ya watu, na watu wale wakaendelea kula.

Watoto walingoja.

"Na kidole cha mguu?" mmoja akauliza.

"Jembe," akasema mjomba. "Lilikuwa la dada yangu."

Kutoka jikoni mama akasema, "Ni kweli, nilikuwa nimemwambia asogee."

Watoto wakatazamana. Walikaa kidogo kwa adabu, kisha wakaanza kuinuka mmoja mmoja, wakaenda kutazama mvua mlangoni. Nilimsikia mkubwa wao akimnong'oneza mdogo wake.

"Anaficha," alisema.